Dirisha la Mwanza Hufungwa Saa Sita

Dorah alikuwa mhudumu wa basi la Musoma kwenda Mwanza, yule dada wa sare ya bluu anayegawa maji, pipi na mifuko ya kutapikia. Kwa miaka mitano hakuna abiria hata mmoja aliyejua kwamba anavuta unga. Wazee waliozoea kusafiri walimpenda. Akina mama walimpa watoto wao awashike wakati wa kuchimba dawa. Waliomwambia kwamba amekonda aliwajibu kwamba ana vidonda vya tumbo, wakamshauri anywe maziwa, naye akaahidi kunywa.

Alizaliwa Kiriba. Baba yake, mzee Kasmiri, alikuwa mvuvi. Mama yake, Tereza, alilima muhogo na kuanika dagaa. Alikuwa na kaka mmoja tu, Silasi, aliyemzidi miaka saba, ambaye alihamia upande wa Bunda kulima pamba akaoa hukohuko. Dorah alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba, akaja Musoma mjini kukata tiketi stendi ya Bweri. Baadaye wakamwingiza ndani ya basi. Akapanga chumba Iringo na kijana aliyeitwa Evance, fundi wa mabasi ya kampuni hiyohiyo.

Evance alikuwa akivuta. Alichanganya kwenye sigara, akakaa kimya ukutani macho yamemlegea, kisha akaamka na kwenda kazini kama kawaida. Dorah hakuuliza sana. Kisha akapata mimba, na mimba ikatoka ikiwa na miezi mitano. Hospitali walimsafisha, wakampa panadoli, wakamwambia apumzike. Siku ya tatu alikuwa bado amejikunja kitandani, tumbo linakata na moyo unakata, na usingizi hauji. Evance akamletea sigara yake.

"Vuta kidogo. Utalala."

Akavuta, akalala. Hapakuwa na disko wala marafiki wabaya. Alilirudia hilo kwa kila aliyemuuliza baadaye, kwa sababu watu walitaka sana kusikia habari ya marafiki wabaya.

Mwaka uliofuata Evance alikwenda Dar kutafuta kazi, na simu yake ikaacha kupatikana. Dorah akabaki na chumba, jiko la mkaa na ule ugonjwa. Kila siku ilibidi apate kete ya unga kabla ya safari na nyingine baada ya safari. Akikosa, arosto ilimkamata. Alianza kwa kupiga miayo, kisha macho na pua vikamwaga maji, kisha mifupa ya miguu ikawa kama inachomolewa mmojammoja, na tumbo likafunguka. Mara mbili alimwomba dereva asimame porini kabla ya Lamadi, akakimbilia vichakani mbele ya basi zima.

Mwaka 2021 mama yake alikuja kumtembelea bila taarifa, akamkuta katika hali hiyo sakafuni. Tereza aliona malaria. Alimpeleka kupima, malaria hakuna. Alimrudisha Kiriba, jumuiya ikaja kumwombea siku tatu, naye siku ya nne akatoroka kwa pikipiki kwenda mjini kutafuta kete. Akapelekwa kwa mganga, akachanjwa kifuani. Mwisho Tereza akamshika mkono kama mtoto wa chekechea, wakaingia hospitali ya Musoma, wakakaa mbele ya daktari kijana ambaye alimtazama Dorah mara moja tu, akafunga mlango.

"Mama, binti yako hana malaria. Anatumia heroini."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Unga."

"Unga upi? Huu wa muhogo?"

Dorah ndiye aliyejibu, akiangalia miguu yake. "Unga wa mateja, mama."

Tereza akauliza kile ambacho mama yeyote angeuliza. "Dawa ipo?"

"Ipo," daktari alisema. "Inaitwa methadoni, ni ya kunywa. Inatuliza ile arosto, mtu anarudi kwenye akili yake, anafanya kazi, anakula. Lakini hapa kwetu hatuna. Iko Mwanza."

"Basi tuandikie, tukainunue."

"Haiuzwi, mama. Inatolewa bure. Ila inanywewa palepale dirishani, mbele ya nesi, kila siku. Jumapili, sikukuu, kila siku. Kwa kuanzia huruhusiwi kubeba kurudi nayo nyumbani."

"Mpaka lini?"

"Mwaka. Miwili. Wengine zaidi."

Tereza alicheka kwa uchungu. "Daktari, wewe unatoka wapi? Nani anaendaga Mwanza kila siku?"

Hapo Dorah akainua uso.

"Mimi," alisema. "Mimi ninaendaga kila siku."

Ilikuwa kweli. Basi lao liliondoka Bweri saa kumi na mbili asubuhi, likafika Mwanza saa nne, likageuza saa saba mchana. Daktari alisimama, akapiga simu Mwanza, akauliza dirisha linafungwa saa ngapi. Saa sita. Akaandika barua ya rufaa kwa mkono wake, karatasi mbili, kana kwamba anaogopa asipoandika haraka wazo hilo litapotea.

Kliniki ilitaka mgonjwa aje na ndugu wa kumsimamia. Tereza alimpigia mwanawe wa kiume, kwa kuwa ndiye mwenye sauti katika familia na hata mzee Kasmiri siku hizo alimsikiliza. Silasi alikataa.

"Mama, mtu anaacha kwa kuamua. Mimi niliacha sigara siku moja tu, mbele yako. Yule hajaamua. Na huko anakwenda kubadilishiwa unga wa kuvuta kwa unga wa kunywa."

Kwa hiyo alikwenda Tereza mwenyewe, na kitenge chake cha jumuiya na mfuko wa michembe ya viazi vitamu. Wiki mbili waliishi kwa mama mmoja wa kutoka Majita aliyeolewa Mwanza, huku Dorah akihudhuria vikao, akipimwa damu, akijibu maswali. Siku aliyopewa kikombe cha kwanza, nesi aliyeitwa Sabina alimtazama akimeza, akamwambia, "Taja jina lako."

"La nini?"

"Wengine wanaficha dawa mdomoni wakauze. Ukitaja jina najua umemeza."

"Dorah."

"Kesho, Dorah. Kabla ya saa sita."

Wiki ya tatu alisikia njaa. Alikuwa amesahau njaa inafananaje. Alikula wali samaki, akamaliza, akaagiza tena.

Ndipo zikaanza siku za kukimbia. Basi likiingia stendi saa nne, Dorah alipaswa kuwashusha abiria, kufagia, kukusanya chupa, ndipo apande bodaboda hadi hospitali, akae kwenye foleni, anywe, ataje jina, apande bodaboda tena, na saa saba kasoro awe mlangoni akikagua tiketi. Ilikuwa hivyo kila siku. Wahudumu wenzake walikuwa na siku yao ya mapumziko. Yeye siku ya mapumziko alisafiri kama abiria. Krismasi alikula dirishani, mkate na soda, amesimama. Alipougua malaria ya kweli, alikwenda Mwanza akitetemeka, akanywa, akarudi Musoma akitetemeka. Kila lori lililolala kando ya barabara lilimshtua. Kila askari wa trafiki aliyeinua mkono alimfanya aangalie saa. Alijifunza kuchukia mvua kwa sababu ya tope, na harusi kwa sababu ya misafara. Hata akiwa amekaa kitako chumbani kwake Iringo, miguu yake ilikanyaga sakafu kama anayeharakisha basi.

Dereva wake, Gasper, mtu wa makamo asiyeongea sana, alimvumilia wiki tano kabla hajauliza.

"Dorah, huko unakokimbiliaga kila siku ni kwa bwana?"

Akaamua kumwambia. Gasper alipunguza gia, akalipita lori.

"Kwa hiyo mimi siku hizi ndo dereva wa ambulansi," alisema. Toka siku hiyo hakuchelewa kuondoka hata dakika moja, na abiria waliozoea kumwambia asubiri ndugu yao yuko njiani waliachwa kwenye vumbi.

Pale dirishani Dorah aliwatambua watu wa Mara kwa lafudhi kabla hawajamaliza sentensi. Hakutegemea kuwa wangekuwa wengi vile. Alikuwapo mchimbaji wa dhahabu, akina kaka wawili waliovusha mizigo Sirari, mama muuza mitumba. Alikuwapo Isaya, mwalimu wa sekondari kutoka Bunda, aliyeacha mke na nyumba akapanga chumba karibu na hospitali ili asikose kikombe chake, na sasa alifundisha tuisheni kwa watoto wa jirani.

"Wewe una bahati," Isaya alimwambia. "Una magurudumu. Wenzetu wanakuja wiki moja, hela ya kula inaisha, hakuna pa kulala, wanarudi nyumbani. Mwezi ujao unasikia mmoja amekufa."

Dorah hakuiona bahati. Alichoona ni kwamba basi likisimama naye anasimama. Siku moja lilisimama kweli, gia zilikataa kilomita chache baada ya Magu, saa tatu na nusu. Aliwatazama abiria wanavyoshuka wakilalamika, akamtazama Gasper. Gasper akasema tu, "Nenda, mizigo nitaangalia mwenyewe." Akapanda fuso lililobeba sangara kwenye barafu, akafika dirishani zimebaki dakika tano, sare inanuka samaki. Sabina akaziba pua akimpa kikombe.

Mwezi wa tisa wa matibabu yake, Alhamisi, walikuwa wanarudi na wamefika Bunda, simu ikalia. Mzee Kasmiri ameanguka mwaloni, kando ya ziwa, akitoa nyavu. Presha. Amefariki kabla hawajamfikisha zahanati.

Usiku huo Dorah alilala chini pamoja na wanawake wengine nyumbani kwao Kiriba. Ijumaa hakwenda Mwanza. Hakuna aliyemuuliza, na yeye mwenyewe alitaka siku moja ya kuwa mtoto wa marehemu tu. Mazishi yalipangwa Jumamosi mchana, kwa hiyo alihesabu kwamba Jumapili atawahi. Lakini Jumamosi asubuhi ikaja habari kwamba baba mdogo yuko njiani kutoka Kenya na lazima asubiriwe. Mazishi yakasogezwa Jumapili, saa saba, baada ya misa.

Kliniki ilikuwa na sheria aliyoijua kwa moyo. Ukikosa siku tatu mfululizo, mwili umeshasahau. Hurudishiwi dozi yako, kwa sababu inaweza kukuua. Unaanza upya na kikombe kidogo, unapandishwa polepole kwa wiki nyingi, na wiki hizo arosto inakaa na wewe. Yeye alikuwa amewaona walioanza upya. Wengi hawakufika mwisho wa zile wiki.

Jumamosi jioni miayo ilianza. Alikuwa anasonga ugali wa msiba kwenye sufuria kubwa, akapiga miayo mfululizo, machozi yakamtoka, na wanawake wakamwambia, "Pole mwanetu, lia tu." Tereza peke yake ndiye aliyejua kwamba yale hayakuwa machozi ya kulia. Alimvuta nyuma ya jiko.

"Ni siku ya ngapi?"

"Kesho ya tatu."

"Ukienda kesho?"

"Nikifika kabla ya saa sita wananipa. Nisipofika naanza moja."

Tereza alishika kichwa kwa mikono miwili. Nyumba ilikuwa imejaa watu, turubai limefungwa, sanduku liko sebuleni. Binti kukosa kumzika baba yake ni jambo ambalo Kiriba wangelisema miaka kumi.

"Nenda," alisema.

"Mama..."

"Kesho nazika mmoja, inatosha. Nenda."

Jumapili kabla jua halijatoka, pikipiki iliwashwa pembeni ya shamba la muhogo. Dorah alikuwa anapanda Silasi alipotokea kutoka kwenye hema la wanaume. Alitembea ameshika kiuno. Mgongo ulimsumbua tangu alipoangukiwa na robota la pamba kwenye lori miaka mitatu nyuma. Alitoa kapsuli mbili mfukoni, akazimeza kavu, ndipo akasema.

"Unakwenda wapi?"

"Mwanza, kaka."

"Baba yuko ndani ya sanduku, hajafunikwa, na wewe unakimbilia dawa."

"Nikikosa leo nitaanza upya. Sitaweza, kaka. Najijua."

"Wewe unajijua, na sisi tunakujua." Sauti yake ilipanda, watu wakaanza kutoka hemani. "Ukitoka kwenye boma hili leo, usiseme tena kwamba una kaka."

Mwenye pikipiki alimtazama Dorah. Dorah alikuwa anatetemeka, jasho la baridi limelowanisha gauni jeusi.

"Twende," alimwambia.

Walitokea barabara ya lami wamejaa vumbi. Gasper alikuwa ameshapigiwa simu, akasimama mahali ambapo basi halikusimamaga. Mhudumu wa zamu siku hiyo alimpa kiti cha mbele na mifuko yake mwenyewe ya kutapikia. Dorah alitapika Bunda, akatapika Lamadi, na abiria wa nyuma yake akasema kwa sauti kwamba dada huyu ana mimba. Baada ya foleni, saa tano na nusu, alishika chuma cha dirisha.

"Siku mbili sijakuona," Sabina alisema. Aliliona gauni jeusi. "Nani?"

"Baba."

Nesi hakuuliza zaidi. Alihakiki kwenye daftari, akapima, akampa kikombe. Dorah akameza.

"Taja jina lako."

"Dorah Kasmiri," alisema. Hakuwahi kutaja jina la baba pale. Akakaa chini kwenye sakafu ya kliniki akalia, na safari hii kilikuwa kilio. Isaya alikaa pembeni yake mpaka saa sita ikapita, na saa saba, wakati Kiriba walipokuwa wanashusha sanduku, basi lilikuwa linatoka stendi kurudi Musoma naye akiwa ndani.

Wiki iliyofuata mama yake alimwambia kwenye simu, "Nilitupa udongo mara mbili. Mara moja wa kwangu, mara moja wa kwako. Watu waliona, nami niliwaacha waone."

Silasi alikaa miezi minane bila kumsemesha. Basi lilipita Bunda mara mbili kwa siku, na Dorah alikuwa akijilazimisha kuangalia upande wa pili.

Kisha siku moja mchana, wakiwa wametoka Mwanza, Rebeka mke wa Silasi alimpigia.

"Wifi, naomba ushuke hapa. Kaka yako anakufa, na hataki nimwambie mtu."

Dorah alimtazama Gasper. Gasper akaweka indiketa.

Alimkuta Silasi uani, anatembea kutoka kwenye zizi mpaka kwenye ghala la pamba na kurudi, kutoka kwenye zizi mpaka kwenye ghala. Siku ya pili hajalala. Vipele vya baridi vimemsimama mikononi kwenye jua kali. Alipomwona dada yake alitaka kusema kitu kikali, akapiga mwayo. Akapiga mwingine. Pua ilikuwa inamchuruzika.

Dorah alisimama akamwangalia, maana alikuwa anajiona.

"Kaka, hizo dawa zako za mgongo zinaitwaje?"

"Tramadoli. Ni dawa za hospitali. Nilianzishiwa na daktari."

"Zimeisha?"

"Duka la dawa halina. Wamesema wiki ijayo."

"Unamezaga ngapi kwa siku?"

"Mbili."

Rebeka alisema kutoka mlangoni, "Baba Ghati, sema ukweli."

Silasi aliendelea kutembea. "Mwanzo zilikuwa mbili. Sasa hivi kumi na mbili. Ikizidi sana kumi na tano. Zisipokuwepo mgongo unakaza mwili mzima."

"Huo sio mgongo. Hiyo ni arosto."

Akasimama. "Mimi sio teja, Dorah."

"Sijasema teja. Nimesema arosto."

Alikaa kwenye gunia. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, mwenye ng'ombe ishirini, aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya kanisani, alijifunika uso kwa kofia. Dawa ile ni ndugu wa unga, Dorah alimweleza, imevaa tu nguo za hospitali. Hakusema neno lolote kuhusu msiba. Alimchemshia uji wa mtama, akamlazimisha anywe maji, akalala hapo.

Asubuhi walikwenda hospitali palepale Bunda. Tabibu aliwapokea vizuri, akamwandikia Silasi dawa nyingine ya maumivu na kumshauri aache zile kapsuli mara moja. Dorah alipouliza aache vipi, tabibu alisema kwa unyenyekevu kabisa kwamba hajawahi kufundishwa jambo hilo. Basi wakapanda gari kwenda Mwanza, kaka na dada, viti vya jirani, na njia nzima Silasi alishikilia kiti cha mbele.

Daktari wa kliniki alimsikiliza, kisha akaeleza kwamba kwa hali yake si lazima aingie dirishani. Apunguze polepole, kapsuli moja kila baada ya wiki mbili, kwa cheti, na mtu mwingine ashike dawa. Aje kila mwezi aonwe. Mgongo nao upate mazoezi ya viungo.

"Mazoezi hayo Bunda yako wapi?" Silasi aliuliza.

Daktari aliangalia kalamu yake. "Itabidi mje hapa."

Silasi alitoka nje akakaa kwenye benchi na watu wa dirishani. Hapo ndipo alipomwona Isaya, aliyewahi kuwafundisha watoto wake hesabu. Walisalimiana. Hakuna aliyemuuliza mwenzake amefuata nini.

Rebeka ndiye aliyezishika kapsuli. Alizifungia kwenye kabati la vyombo, akavaa ufunguo shingoni pamoja na rozari. Walishuka kutoka kumi na mbili hadi tano. Msimu wa kuvuna pamba ulipofika Silasi alibeba magunia mwenyewe, akanunua nyingine kwa siri, wakarudi kwenye tisa. Walianza kushuka tena. Sasa yuko kwenye nne, na wiki nyingine anafikiri ataweza, wiki nyingine anampigia Dorah simu akiwa kwenye basi na kumuuliza maswali ambayo hayana uhusiano wowote, kama vile leo Lamadi kuna mvua, ili asikie tu sauti ya mtu anayejua.

Suala la msiba alilitaja mara moja. Walikuwa wanakula.

"Siku ile kwenye basi ulijisikiaje?"

"Kama ulivyojisikia wewe uani."

Silasi aliacha kula, akanawa, akaenda kuangalia ng'ombe. Jumapili iliyofuata, Dorah aliposhuka basi la kutoka Mwanza, kaka yake alimpeleka kwa pikipiki yake hadi Kiriba, kwenye kaburi la baba yao, akamsubiri mbali kidogo.

Dorah sasa ana miaka mitatu na miezi kadhaa kwenye dawa. Dozi yake imeshuka. Siku nyingine wanamruhusu kubeba kichupa cha kesho, na kesho hiyo analala mpaka jua linaingia dirishani, kisha anaamka kwa hofu akidhani basi limemwacha. Bado anafanya kazi na Gasper. Namba yake ya simu imesambaa kwa njia ambazo hazijui. Wanampigia kutoka Tarime, Sirari, visiwani. Kwanza hawasemi. Anasikia wanapumua.

Juzi alikuwa amepatana na mwanamke wa Mwitongo, Butiama, anaitwa Esther, ana watoto wawili na dada mmoja aliyekubali kumsimamia. Hawajawahi kuonana. Walipanga apande njiani asubuhi. Basi lilifika, hakuna mtu. Gasper alisubiri dakika tano, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa abiria yeyote. Abiria walianza kupiga kelele, mmoja ana usaili, mwingine ana mgonjwa. Dorah aliangalia barabara ya vumbi inayotoka Butiama mpaka macho yakamuuma.

"Twende," alisema.

Simu ililia hawajafika Bunda. Sauti ilikuwa ndogo, na nyuma yake mtoto analia.

"Dada, niko hapa barabarani. Mmeniacha."

"Umechelewa wapi?"

"Nilifika zamani. Nilijificha nyuma ya kibanda. Niliona watu wengi wanachungulia dirishani, nikaogopa."

Dorah alifumba macho. Saa ilikuwa moja na robo. Basi la kampuni nyingine lilikuwa nyuma yao kwa nusu saa, alilijua, na dereva wake alimjua.

"Dada yako yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe mtoto ambebe, mje wote. Simama barabarani, simama katikati kabisa waone mkono wako. Kuna basi jekundu linakuja. Pandeni hilo."

"Nikifika Mwanza nitakujuaje?"

"Nitakuwa kwenye geti la hospitali, nimevaa sare ya bluu. Gasper akitaka ataondoka bila mimi." Gasper aligeuza shingo kidogo, akarudisha macho barabarani. "Esther, unanisikia? Usirudi nyumbani kubadilisha nguo. Usirudi kuchukua chochote. Unaliona basi?"

"Bado."

"Usikate simu. Angalia barabara. Unaliona?"